Kuona ndani ya kichwa bila kupasua fuvu



Mchimbaji wa Lulimba anajua kazi ya sumaku. Ukimaliza kuosha mchanga, ukabaki na kile kidogo cheusi ndani ya karai, unapitisha sumaku juu yake. Mchanga mweusi unarukia sumaku, dhahabu inabaki chini. Hukuyeyusha kitu wala hukuvunja kitu, lakini umekwisha kujua kipi ni kipi. Mwezi huu tunakueleza mashine ya hospitali ambayo nayo inatumia sumaku, ila kazi yake ni kujua kilichomo ndani ya kichwa cha mtu aliye hai, bila kisu.

Mashine hiyo ina majina mawili. Huku kwetu Kongo, kwa mazoea ya Kifaransa, wanasema IRM. Ukivuka Ziwa Tanganyika ukaingia Kigoma, watakuambia MRI. Ni kitu kimoja. Lulimba haipo. Mgonjwa hutumwa miji mikubwa ya mbali, kama Kigali, Dar es Salaam au Nairobi. Utauliza: basi inatuhusu nini sisi? Inatuhusu, kwa sababu mgonjwa akiandikiwa karatasi ya kwenda huko, jamaa hukaa kikao cha kuuza mbuzi na shamba, na ni haki yao kujua fedha hiyo inanunua nini. Tena mfanyakazi wa mgodi ana hatari yake mwenyewe mbele ya mashine hii, hatari ambayo mwalimu au karani hana. Tutaifikia.

KICHWA KIKIUMA, SI LAZIMA UVIMBE

Usiogope kila maumivu ya kichwa. Mengi yanatokana na malaria, homa, kiu, usingizi mdogo, damu kupanda, au macho yaliyochoka. Na kwa sisi watu wa shimo kuna sababu nyingine mbaya: hewa. Pampu ya kuvuta maji inayotumia esansi, ikiwashwa ndani ya shimo au karibu na mdomo wake, inatoa moshi wenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Kama watu watatu wa zamu moja wanalalamika kichwa kwa saa moja, na wakipanda juu wanapata nafuu, huo si uvimbe wa ubongo. Ni sumu ya hewa. Tokeni nyote upesi, izimeni pampu kama inazimika kutoka juu, na asishuke mtu kumfuata mwenzake mpaka shimo lipate hewa safi. Watu wengi wamekufa wakiwa waokoaji.

Zebaki nayo, kwa wanaoichoma kusafisha dhahabu, inaleta mikono kutetemeka, usahaulifu na hasira zisizo na sababu. Mwambie daktari kama unaichoma, hasa kama unaichoma ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Maumivu yanayotutia wasiwasi ni ya namna nyingine. Ni yale yanayozidi juma hata juma, yanayomwamsha mtu alfajiri pamoja na kutapika. Ni mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka kifafa, na sasa ameanguka kwa mara ya kwanza. Ni mkono na mguu wa upande mmoja vinavyolegea polepole, maneno yanayopotea mdomoni, jicho linaloona nusu ya mtu aliyesimama mbele, au baba mpole ambaye tabia yake imegeuka hata watu wa nyumba hawamtambui. Kwa mtoto: kutapika asubuhi siku nyingi, kuyumba anapotembea, au kichwa cha mtoto mchanga kinachokua kupita kiasi.

Mwenye dalili hizo aende hospitali ya Lulimba kwanza, asingojee. Akianguka kifafa, mlaze kwa ubavu, ondoa mawe na moto karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Povu lake haliambukizi kifafa. Mshike bila hofu. Na mtu aliyeanguka hivyo asishuke shimoni wala asiendeshe gari au mashine mpaka daktari amruhusu. Mkubwa wa kazi amtafutie kazi ya juu. Sisi hatuoni sababu ya mtu kuficha ugonjwa kwa kuogopa kupoteza kibarua, na wakubwa wa kazi wasiwape watu sababu hiyo.

UVIMBE NI GUNIA LENYE VITU VINGI

Watu wakisikia kuna kitu kimeota ndani ya kichwa, wengine husema amerogwa, wengine husema ni saratani, na wote wawili hukata tamaa. Lakini neno uvimbe ni kama gunia: ndani yake mna vitu vingi tofauti.

Kuna uvimbe wenyewe, yaani chembe za mwili zilizoanza kuzaana ovyo. Shirika la Afya Duniani linaupanga kwa madaraja manne. Daraja la 1 hukua polepole, na mara nyingi daktari mpasuaji akiutoa wote mtu hupona. Daraja la 4 hukua upesi na kurudi hata ukitolewa. Kisha kuna vitu ambavyo si uvimbe wa namna hiyo kabisa, ingawa kwenye picha ya kawaida vinaweza kufanana nao kama mapacha. Lipo jipu la usaha, ambalo laweza kuanzia kwenye sikio linalotoa maji au jino bovu lililoachwa. Kipo kifua kikuu kilichopanda kichwani. Kipo kijidudu cha toksoplasma, kinachowapata hasa watu wenye virusi vya UKIMWI wasiotumia dawa. Na kipo kile ambacho watu wa Fizi wanaofuga nguruwe wanapaswa kukijua vizuri: mayai ya tegu.

Hapo tusimame kidogo, maana wengi wanakosea. Ukila nyama ya nguruwe yenye ugonjwa isiyoiva, unapata tegu tumboni. Lakini wadudu wa kichwani huja kwa kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Yanaingia kwa maji, kwa mboga, kwa mkono wa mpishi ambaye hakunawa. Kwa hiyo hata Mwislamu wa Baraka ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuwa na tegu kichwani kwa sababu ya choo cha jirani. Choo chenye kifuniko na sabuni vinazuia ugonjwa huu wa ubongo kuliko mashine yoyote.

Sasa unaona jambo lenyewe. Jipu linatolewa usaha na kupewa viuavijasumu. Kifua kikuu, toksoplasma na tegu vinatibiwa kwa vidonge. Uvimbe wa daraja la juu unataka upasuaji, mionzi na dawa kali. Ukikosea jina, umekosea dawa. Ndiyo maana ni vibaya sana kununua dawa ya minyoo sokoni na kujitibu kichwa: wadudu wa tegu wakifa kwa pamoja ndani ya ubongo bila dawa ya kuzuia uvimbe, ubongo unavimba na mtu anaweza kufa. Zamani, ili kujua kwa hakika ni kipi, mara nyingi ilibidi kutoboa fuvu na kuchukua kipande. Na zipo sehemu za ubongo, kama shina lake linaloendesha pumzi, ambako sindano yenyewe ni hatari.

MASHINE INAFANYAJE KAZI

Picha ya radio ya kawaida inaonyesha mfupa wa fuvu vizuri, lakini ubongo wenyewe hauonekani. Skaneri ilileta nafuu: ya kwanza ilitumika London mwezi wa Oktoba 1971, kwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Skaneri ni ya haraka, na hata leo jiwe likimwangukia mtu kichwani ndiyo inayotakiwa kwanza, kwa kuona damu na mfupa uliovunjika. Lakini inatumia mionzi, na haioni tofauti ndogo za nyama laini.

IRM haitumii mionzi hiyo. Mwili wako sehemu kubwa ni maji, na ndani ya kila tone la maji mna vijisumaku vidogo kupita kufikiri. Ukilazwa ndani ya sumaku kubwa, vijisumaku hivyo vinajipanga. Mashine inavigonga kwa mawimbi kama yale ya redio. Vinayumba, kisha vinarudi mahali pake, na vikirudi vinatoa sauti ambayo mashine inaisikia na kuigeuza picha. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Raymond Damadian, alionyesha kwa panya kwamba maji ya uvimbe hurudi polepole kuliko maji ya nyama nzima. Mwaka 1973 Paul Lauterbur akaonyesha jinsi ya kupata picha. Tarehe 3 Julai 1977 Damadian na wenzake walipiga picha ya kwanza ya mwili wa mtu, na ilichukua karibu saa 5. Zawadi ya Nobel ya mwaka 2003 walipewa Lauterbur na Mwingereza Peter Mansfield. Damadian aliachwa, akalipa matangazo makubwa magazetini kulalamika. Hata wataalamu wakubwa hugombana juu ya nani aliyeuona mshipa wa dhahabu kwanza.

Picha ya kawaida ya IRM inaonyesha mahali uvimbe ulipo na ukubwa wake. Kujua ni wa namna gani, mashine hiyohiyo inaongezewa maswali mengine. Swali la kwanza ni mwendo wa maji. Ndani ya jipu mna usaha mzito; maji yamebanwa, hayatembei, na kwenye picha mahali hapo panawaka weupe. Ndani ya uvimbe mbaya uliooza katikati, maji yanatembea, na pale pa katikati hapawaki. Vitu viwili vilivyofanana kwa umbo, duara lenye ukingo, vinatenganishwa kwa dakika chache. Daktari akiona hivyo, anajua kama anatafuta usaha au saratani kabla ya kushika kisu.

Swali la pili ni damu. Uvimbe unaokua upesi una njaa, nao unajitengenezea mishipa mipya. Mgonjwa anachomwa dawa ya gadolini kwenye mshipa wa mkono, na mashine inahesabu damu inayopita. Damu nyingi inaelekea kuonyesha daraja la juu. Toksoplasma, kwa mfano, huwa na damu kidogo. Usifikiri lakini kwamba jibu ni rahisi. Upo uvimbe wa utando unaofunika ubongo, nao hunywa damu nyingi sana, hata hivyo mara nyingi ni wa daraja la 1. Ndiyo maana daktari hasomi picha moja peke yake. Mwambie kama una ugonjwa wa figo au una mimba, kabla ya sindano hiyo.

Swali la tatu ni la kustaajabisha zaidi: mashine inaonja kemia ya mahali pale, kama maabara yetu inavyopima jiwe kujua lina dhahabu kiasi gani, ila hapa hakuna jiwe linalovunjwa. Neva zenye afya zina dutu yake; ikipungua, neva zinakufa. Kolini hupanda pale chembe zinapozaana haraka. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya uvimbe wenye hitilafu fulani ya urithi hutoa kemikali ambayo mashine inaweza kuiona kutoka nje ya fuvu. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa wagonjwa wenye hitilafu hiyo kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wasio nayo.

Siku hizi kompyuta nazo zinafundishwa kusoma picha hizi. Tangu mwaka 2012 kuna mashindano ya watafiti yaitwayo BraTS, ambamo programu hushindana kuchora mipaka ya uvimbe. Kwa miaka mingi hazikuwa na fungu la picha za wagonjwa wa Afrika kusini ya Sahara. Hilo liliingizwa mwaka 2023. Ilikuwa lazima. Kompyuta iliyofundishwa kwa mashine mpya za Ulaya na wagonjwa waliofika mapema inaweza kupotea ikiletewa picha ya mashine ya zamani na uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa.

Hata hivyo tusikudanganye. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka, kwa aina nyingi za uvimbe, kipande cha nyama kichunguzwe pamoja na urithi wake. Picha inaweza kuondoa kisu kwa mwenye jipu au tegu, inaweza kumwonyesha mpasuaji apite wapi na achukue kipande wapi, inaweza kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Neno la mwisho juu ya saratani, mara nyingi, bado ni la nyama yenyewe. Mkiambiwa kwamba baada ya IRM bado kuna upasuaji, msiseme mmeibiwa.

CHUMA MWILINI: HATARI YA MFANYAKAZI

Sasa tumefika kwenye hatari tuliyotaja. Sumaku ya IRM ya kawaida ina nguvu zaidi ya mara 20,000 kuliko sumaku ya dunia inayogeuza dira. Na haizimwi kazi ikiisha. Inavuta usiku na mchana. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa chumbani, ukaruka ukamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine. Mwezi wa Julai 2025, katika jimbo hilohilo, mtu aliingia chumbani na mnyororo mzito wa chuma shingoni. Sumaku ilimvuta, naye akafa.

Mnyororo unaonekana. Kilicho kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu aliyekuwa na kipande kidogo cha chuma kilichojificha ndani ya jicho. Alipotolewa ndani ya mashine, jicho lilikuwa limevuja damu kwa ndani, na kuona kwake kukapotea. Fikiri sasa juu yako, wewe unayepiga patasi kwenye mwamba, unayenoa chuma kwa jiwe la umeme, unayeunga vyuma kwa moto karakana. Ni mara ngapi kitu kimekurukia jichoni, kikauma siku mbili, ukakisahau? Ukiulizwa na mtu wa mashine kama umewahi kupatwa na chuma jichoni, usijibu hapana kwa haraka ili usikose zamu yako. Sema ndiyo. Watakupiga kwanza picha ya radio ya macho, na kama hakuna chuma utaingia.

Na si macho tu. Katika Fizi wapo wengi waliobeba mwilini vipande vya risasi na bomu tangu vita vya mwaka 1996 na 1998 na vilivyofuata. Risasi nyingine ni shaba na risasi tupu, nyingine zina chuma ndani, na kwa kuangalia kovu huwezi kujua. Sema yote: kovu, kipande cha fataki ya mgodi, msumari wa mfupa uliovunjika, kifaa cha moyo, klipu ya mshipa. Vua pete, bangili, mkanda, hirizi iliyoshonwa kwa waya, pini za nywele. Pete ya dhahabu safi haivutwi, wewe unajua hilo kuliko daktari, lakini vua tu; dhahabu ya pete mara nyingi imechanganywa.

Ndani ya mashine utalala bila kutikisika nusu saa au zaidi. Kelele yake ni kama mashine ya kutoboa mwamba, na utapewa vizibo vya masikio, vitumie. Hakuna maumivu. Mwenye kuogopa mahali pembamba aseme mapema.

Miji iliyo na mashine kubwa iko mbali, na hili linawasumbua watu wengi wa Afrika, si sisi peke yetu. Mwaka 2022, huko Mbarara, Uganda, wahandisi wa chuo kikuu cha hapo pamoja na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunga mashine ndogo ya IRM kwa siku 11, kwa sumaku ndogo nyingi zilizopangwa duara. Nguvu yake ni sehemu ndogo sana ya zile kubwa. Ilifikiriwa hasa kwa watoto wenye maji kichwani, nayo haiwezi kutenganisha madaraja ya saratani kama tulivyoeleza. Lakini iliungwa papo hapo Mbarara, mbele ya watu watakaoitengeneza ikiharibika, na hilo kwa maoni yetu ni jambo kubwa.

KABLA YA SAFARI

Hospitali ya kwanza haikosi kazi. Daktari wa Lulimba anaweza kupima malaria, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI na kikohozi, kupima nguvu ya mikono na miguu, na kuangalia ndani ya jicho kama ubongo unasukumwa. Majibu hayo, yakiandikwa vizuri, ndiyo yanayomsaidia msomaji wa picha kule mbali. Mwombe daktari aandike swali wazi: je, ni jipu, ni tegu, ni uvimbe? Karatasi inayosema tu kichwa kinauma haimsaidii mtu. Njiani kupitia Fizi mpaka Baraka na kuendelea, chukueni picha zote za zamani na majina ya dawa zote, hata za mitishamba. Wakati wa kurudi, ombeni picha zenyewe kwenye sidii pamoja na karatasi ya majibu, maana daktari mwingine atazitaka.

Na wewe mama, neno hili ni lako. Mgonjwa wa ubongo anaweza kufika kule hajitambui, au amepoteza maneno. Hapo mtu wa mashine atakuuliza wewe. Jioni hii, baba akiwa mzima na anakula, muulize ni wapi mwilini mwake mna chuma, mwaka gani kiliingia, na jicho lipi liliwahi kurukiwa. Yaandike kwenye karatasi moja, iweke pamoja na kadi yake ya kazi na kadi za kliniki za watoto.